Mguu wa Pinja

Mdogo wangu alikuwa angani, nami nilikuwa nimeinama, najifanya nafunga mkanda wa kiatu. Ndiyo ilikuwa tabia yangu kila Pinja aliporuka. Nilitafuta mkanda, miwani, glavu, chochote cha kushikashika, ili mtu akiniuliza, "Umemwona?" nimjibu, "Nani?" Na nilikuwa nimemwona. Nilimwona tangu ubao ulipoacha ukingo wa rampu ya kurukia mpaka ulipogusa theluji, kwa pembe ya jicho, na hakuna kilichonipita.

Mruko ule ulikuwa wa mwisho katika fainali, ambako pointi za miruko yote hujumlishwa, pale mlimani Honkavaara, mwezi wa tatu, theluji ikiwa imeanza kulainika juu na bado ngumu chini. Timu ya taifa ilibakiwa na nafasi moja ya kwenda mashindano ya dunia, na watu wote pale uwanjani, hata yule mama wa soseji za kuchoma, walijua kwamba nafasi hiyo itachukuliwa na binti mmoja wa nyumba yetu. Swali lilikuwa yupi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, umri ambao katika mchezo wetu wa kuteleza na kuruka na ubao watu huanza kukuuliza utafanya kazi gani. Pinja alikuwa na ishirini na mmoja, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alitua bila kishindo. Watu walipiga mayowe, wakagonga mabati ya uzio kwa viganja, na Pinja akateleza mpaka miguuni pangu. Akavua miwani, akacheka kile kicheko chake cha mtu aliyekuwa akisimuliwa mzaha wakati sisi wengine tuko kazini.

"Tuulia! Umeona?"

"Nilikuwa nafunga mkanda."

"Aa," akasema, akageukia skrini.

Skrini ilichelewa kuliko kawaida. Kisha majina yakajipanga, na langu likakaa juu. La Pinja lilikuwa chini yangu kwa tofauti isiyofika hata pointi moja. Uwanja ukaanza kuzomea. Mimi, ndani ya koti langu, nilikuwa nimepata joto kama mtu aliyetoka sauna.

Niseme wazi, maana sioni sababu ya kuzungukazunguka: nilimwonea mdogo wangu wivu. Si wivu wa kupita njia. Nililala nao, nikaamka nao, nikanywa nao kahawa. Kiangazi kizima mimi nilikuwa ghalani kwa baba, narukaruka kwenye turubai la kunesa mpaka magoti yanaimba, na yeye alikuwa ziwani na mashua ya watu. Majira ya baridi yakianza, nilifika mlimani kabla ya walinzi. Yeye alikuja na basi la pili, mkate mtamu wa iliki mkononi, makombo kwenye skafu, akauliza, "Tunaruka wapi leo?" Halafu akaruka. Nami nikainama kufunga mkanda.

Mchezo wetu hauna saa wala futi ya kupimia. Ni watu watano kwenye kibanda chenye joto, wanatazama nje ya dirisha, na kila mmoja anasema alivyoona. Siku hizi nami naketi humo, na naweza kushuhudia kwamba kahawa yake ni mbaya na hakuna anayelala usingizi mzuri baada ya fainali. Lakini enzi zile niliwaona watu wale kama watu waliokula njama. Nilizunguka hewani mara nyingi kuliko Pinja. Nilipanda juu zaidi. Wakampa yeye.

Msimu mmoja kabla ya fainali ile nilishindwa uvumilivu. Nilimfuata Veijo, jaji mkuu, mpaka kwenye maegesho ya magari. Veijo aliwahi kuwa bingwa, kisha goti likamkataa. Alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, na hakuacha kukwangua.

"Nimekosa wapi?" nikamuuliza.

"Hukukosa."

"Basi mbona umempa Pinja?"

"Tuulia, wewe unaruka kama mtu anayehama nyumba. Kila kitu kinafika salama, kabati linafika, vyombo vinafika. Lakini tunaona jasho."

"Na Pinja?"

Akafikiri. "Pinja anaruka kama mtu aliyesahau funguo, amerudi kuzichukua."

Kwenye televisheni walikuwa na neno langu tayari. Tuulia ni mchapakazi, walisema. Kila mara, kwa heshima zote, mchapakazi. Jaribu kusikia neno hilo miaka saba mfululizo huku mwenzako anaitwa malaika, uone litakavyokukata maini.

Ndiyo maana mashine ilipoletwa, mimi peke yangu niliipenda. Ilikuja na mhandisi mmoja kutoka mji wa Oulu, msichana aitwaye Lauha, aliyevaa koti la mjini na kupulizia vidole vyake mchana kutwa. Kulikuwa na kamera kwenye nguzo pande zote za rampu, na vidude vya kupimia, vidogo kama vifungo vya shati, ndani ya soli za viatu vyetu. Ilipima umepanda kiasi gani, umezunguka mara ngapi, umetua kwa uzito gani. Mwaka ule ilikuwa majaribio: nusu ya pointi zilitoka kwa majaji, nusu kwa mashine. Wachezaji wenzangu wakaipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu ilikaa kimya na kuona kila kitu. Mimi nilimpelekea Lauha kahawa kila asubuhi. Niliona hatimaye kimekuja kitu kisichojua malaika ni nini.

Na ilikuwa na kazi nyingine moja. Kila mpanda ubao ana mguu wake wa mbele, kama kila mtu alivyo na mkono wa kuandikia. Mimi wangu ni wa kushoto. Ukiruka umetanguliza mguu usio wako, tunaita kuruka kinyume. Ni kazi ngumu, na majaji humwongezea pointi anayeiweza. Kabla ya kuruka unamwambia mtu anayesimamia mstari wa kuanzia kule juu, "Kinyume," naye anapitisha habari. Mashine ilikagua hayo madai. Wiki nzima ya mazoezi ilikuwa imetusoma miguu, na mtu akidai kinyume, ilitazama kama kweli ule mguu si wake.

Watu wote walijua mguu wa Pinja ni wa kulia. Ule mruko wa mwisho aliutanguliza wa kushoto, akadai kinyume, na majaji wakampa pointi zake. Mashine ikakataa. Ilisema mguu wa Pinja ni huo huo wa kushoto, hivyo alichofanya ni mruko wa kawaida, na dai lake ni la uongo.

Veijo alishuka kutoka kibandani akichechemea, Lauha nyuma yake amekumbatia kompyuta. Uzomeaji ulikuwa umegeuka kupiga miguu chini. Wakatusimamisha pembeni, karibu na uzio, mimi na Pinja.

"No niin," Veijo akasema, kama watu wa kwetu wasemavyo wanapoanza jambo wasilolipenda. "Pinja, mguu wako upi?"

"Wa kulia. Kwani leo ndiyo mnanijua?"

"Mashine inasema wa kushoto."

"Mama Mkwe amelewa."

Lauha alikuwa mwekundu usoni, sijui ni kwa baridi. "Haijalewa," akasema. "Mtu akienda vizuri, siwezi kujua. Lakini wiki hii umeteleza vibaya mara kadhaa, kwenye barafu ya kule chini. Mwili ukishtuka unakimbilia mguu wake. Wako umekimbilia kushoto. Kila mara."

Veijo akajikuna ndevu. Pale kwetu kulikuwa na desturi ya tangu enzi za mbao za kujichongea: majaji wakikwama, wanashuka kuwauliza wapanda ubao wenyewe, na neno la mpanda ubao linafunga mjadala. Hakuna rufaa, hakuna kocha kuingilia kati. Watu wa mpira wakisikia hucheka mpaka machozi. Sisi tumeishi nayo, na sijawahi kuona mtu akidanganya, labda kwa sababu jioni mtakaa sauna moja.

"Nani anayeujua mguu wako tangu mwanzo?" Veijo akamuuliza.

Pinja hakufikiri hata kidogo. "Tuulia. Yeye ndiye aliyenipandisha ubaoni. Mimi nilikuwa na miaka minne, nitakumbuka nini? Muulizeni Tuulia."

"Tuulia anashindana nawe," Lauha akasema taratibu.

"Kwani kuna nini?" Pinja akasema. "Si dada yangu?"

Veijo akanigeukia. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka rangi ya kofia. Baba alikuwa dereva wa mashine ya kusawazisha theluji, mama aliuza mikate ya iliki kibandani, na mimi wa miaka minane nikapewa kazi ya kumfundisha mtoto. Nikampeleka kwenye kilima kidogo. Nikasimama mbele yake, uso kwa uso, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Fanya kama mimi." Nami nikatanguliza mguu wa kushoto. Yeye akanitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo, akatanguliza uliokuwa upande ule ule, wa kulia. Tukashuka hivyo, kilima kizima, msimu mzima.

Na nyumbani, kwenye korido, alipokuwa anateleza na soksi, alitanguliza wa kushoto. Kila siku. Niliona na sikuunganisha. Nilikuja kuunganisha miaka mingi baadaye, kabla ya fainali ile, nilipoajiriwa kufundisha watoto wa watalii, na mkuu wetu akanifokea kutoka ng'ambo ya kilima: "Usisimame mbele yake! Utamgeuza miguu! Simama ubavuni!" Nikabaki nimesimama na mtoto wa watu mkononi, theluji inanidondokea shingoni, nikaelewa kila kitu. Pinja alizaliwa na mguu mmoja wa mbele, na mimi nikampa wa pili. Ndiyo maana alipogeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine hukuona mahali pa mshono. Ule utulivu, kule kuelea, lile jambo ambalo majaji hawakulipatia jina wakaishia kuliita malaika, mimi ndiye niliyeliweka, kwa kosa la kitoto. Na mimi hakuna aliyekosea akinifundisha. Baba alinifundisha barabara, akiwa ubavuni, na ndiyo nikawa mchapakazi.

Sikuwahi kumwambia mtu. Sikuona ni kwa faida ya nani.

Sasa Veijo ananiangalia, na Pinja ananiangalia kwa macho ya mtu anayesubiri chenji yake. Jina langu bado lilikuwa juu kwenye skrini. Nilitambua kwamba safari hii ukweli uko upande wangu. Kwa maisha yangu yote ya michezo, mtu alipotaka kunipa haki yangu ilibidi apindishe kitu. Leo nilitakiwa kufungua mdomo tu na kusema lililo kweli, na mdogo wangu angeanguka.

"Wa kushoto," nikasema. "Mashine imesema kweli. Nilimfundisha nikiwa mbele yake. Nilimgeuza."

Sitadanganya, lilikuwa neno tamu. Nililisikia linavyoshuka kooni.

Pinja aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake, kimoja, kisha cha pili. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba jina analoitwa si lile alilopewa siku ya ubatizo.

"Kushoto," akarudia.

"Kushoto."

Veijo akapumua. "Basi. Neno limesemwa. Matokeo yanabaki." Akageuka kupanda kibandani, akapiga hatua chache, akasimama. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lauha. Ule mruko wake wa kwanza. Aliuruka na mguu gani mbele?"

Lauha akafungua kompyuta juu ya goti. "Wa kulia."

"Mashine iliuhesabu kuwa upi?"

"Wa kawaida. Hakudai kinyume. Mashine inakagua anayedai tu."

"Hakudai kwa sababu hakujua," Veijo akasema. Akaanza kucheka ndani ya ndevu zake, polepole, kama gari linalokataa kuwaka. "Jamani. Kama mguu wake ni wa kushoto, basi ule wa kwanza ndio wa kinyume. Na ule ndio mkubwa!"

Nilihisi damu inanishuka mpaka kwenye soli, kule kwenye vile vifungo vya Lauha. Mimi nilikuwa nimeukodolea macho mruko wa mwisho peke yake. Ule wa kwanza, ambao kila mtu aliushangilia na kuusahau, Pinja aliuruka akizunguka mara nyingi kuliko alivyowahi kuzunguka maishani, kwa mguu usio wake, akidhani anafanya mambo ya kawaida. Hakuna mwanamke hapa nchini aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Mimi sikuwa hata nimewahi kujaribu.

Majaji walikaa kibandani kwa muda. Tuliona vichwa vyao dirishani vinakaribiana. Mama wa soseji aliacha moto wake na kuja uzioni. Kisha skrini ikazimika na kuwaka, na jina la Pinja lilikuwa juu, na tofauti haikuwa tena ya kugombania. Kama ningesema mguu wake ni wa kulia, wangemrudishia pointi za mruko wa mwisho na angenipita kwa kidogo. Kwa neno langu mwenyewe alinipita kwa mbali.

Veijo alishuka tena, safari hii bila kofia. Akanishika bega mbele ya watu wote.

"Nimekaa kwenye mchezo huu maisha yangu yote," akasema, na mtu wa kipaza sauti alikuwa amesogea karibu, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. "Ungesema 'sikumbuki', tungeacha matokeo ya mashine na nafasi ilikuwa yako. Neno moja tu. Dada wa namna hii sijamwona."

Wakanipigia makofi. Watu waliokuwa wakinizomea walivua glavu ili makofi yasikike vizuri. Lauha alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti lake la mjini. Sikuwahi kushangiliwa vile kwa mruko wowote, na sijashangiliwa tena. Magazeti ya kesho yake yaliandika habari za upendo wa dada, na mama aliyakata na kuyabandika ukutani, ambako yapo mpaka leo, yamegeuka manjano, na kila nikienda kula chakula cha Krismasi nakaa nimeyapa mgongo. Kwanza nilijaribu kuwaeleza watu. Nilipowaambia sikukusudia, waliona ni unyenyekevu, wakanipenda zaidi. Nikajikaza nikanyamaza.

Lakini siku ile, katikati ya makofi, Pinja alinikumbatia. Alikuwa na harufu ya iliki na nta ya ubao. Akaweka mdomo kwenye sikio langu, ndani ya kofia, mahali ambapo kipaza sauti hakingefika.

"Ulidhani nitashindwa," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo."

"Ulitaka nishindwe."

"Sana."

Mikono yake ilinikaza mpaka nikadhani ananikaba. Nilijiandaa kwa tusi, na lingekuwa tusi halali. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka, na kwa Pinja huwezi kujua kama ni kicheko au kilio mpaka umwone uso.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia," akasema. "Siku zote hizo. Kumbe ulikuwa unaniangalia?"

"Kila mruko."

"Mi nilidhani hunioni kabisa. Kila nikitua, wewe na mikanda yako." Akavuta kamasi. "Nikasema basi, labda siku nikiruka vizuri atainua kichwa."

Makofi yalikuwa yanapungua.

"Haya, sema," akasema. "Ule wa mwisho. Ulikuwaje?"

"Majaji wameshakupa."

"Siwaulizi majaji."

Nikafikiri. Ningeweza kumdanganya, kwa upande wowote.

"Ulichelewa kushika ubao kwa mkono kule hewani," nikasema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hakuna ambaye angeona."

"Wewe umeona."

"Mimi nimeona."

Akaniachia. Uso wake ulikuwa umelowa na umefurahi, umefurahi kuliko alipoona jina lake juu kwenye skrini. Akajifuta pua kwa glavu, akanisukumia ubao wake nimshikie, kwa sababu watu wa picha walikuwa wanamwita, akaenda. Nilimtazama akienda, wazi, kichwa juu. Viatu vyetu ni vizito, na kwenye theluji ya mwezi wa tatu kila mtu hutembea navyo kama bata. Yeye alitembea vizuri.